Meno Meupe ya Audrey

Lanham, Maryland
14 Januari 2024

Mdogo wangu Serah,

Salamu kwanza, maneno baadaye, ndivyo Mama alivyotulea. Sisi huku tupo. Phineas bado anaendesha lori la bohari, anarudi nyumbani akiwa amechoka mpaka anasahau kuvua koti. Ryan ametimiza miaka mitano. Nikimwongelesha Kiswahili anaelewa kila kitu, halafu ananijibu kwa Kiingereza kama karani wa benki. Theluji ilianguka Jumanne, ikayeyuka, ikaanguka tena. Dawa ya goti la Mama nimempa Kimutai, yule jirani yetu wa hapa anayekuja Nakuru kumzika baba yake. Ndiye atakayekuletea na barua hii.

Usishangae kuona karatasi. Nikikupigia simu tunaongea vizuri sana, mvua, sukari, ng'ombe wa Mama. Nikifika kwenye maneno yenyewe, mtandao wa Njoro unakufa ghafla. Mara tatu, Serah! Sasa karatasi haina mtandao.

Nimepata mgonjwa mpya wa kutunza, Wheaton, nusu saa kutoka kwangu barabara isipofungana. Anaitwa Bi Zoya. Ni Mrusi, ana miaka themanini na minane, na kwao alifundisha kemia. Macho yamemwisha. Namwogesha, nampa uji wake, halafu mchana ananiketisha kwenye kompyuta niandike anayosema. Anatunga kitabu kuhusu mwanamke wa zamani, Yulia Lermontova, Mrusi wa kwanza mwanamke kupata udaktari wa kemia. Mwaka wa 1874, we fikiria! Nyumbani chuo kilimkataa, akaenda Ujerumani na rafiki yake Sofia, mtu wa hisabati. Huyo Sofia alikuwa na mdomo. Ndiye aliyewabembeleza wazazi wa Yulia wamwachilie. Ndiye aliyemwendea profesa aliyekuwa hataki kabisa mwanamke kwenye maabara yake, akarudi na ruhusa. Yulia alikuwa mpole, ukimpa kazi anainama mpaka iishe. Nikasema huyu namjua, huyu ni Serah wetu, na mwenye mdomo ni mimi. Kazi yake huko ilikuwa kutenganisha madini ya jamii ya platini. Mimi hapo nimepotea, wewe utajua.

Haya, maneno sasa. Uraia nilipata mwaka jana, na ombi la kumleta Audrey nikalipeleka palepale. Ile picha ya cheti chake cha kuzaliwa uliyonitumia niliipeleka kwa wakili bila kuisoma, nilikuwa kati ya zamu mbili. Wiki iliyopita wakili akaniita. Cheti kinasema mama ni Serah Wamaitha. Nilikisoma mara nne pale mezani kwake. Anasema lazima watu wa uhamiaji wataliulizia jambo hilo, na vipimo vya mate havitatosha. Vipimo vitasema mimi ndiye niliyemzaa, lakini havitaeleza kwa nini cheti kinasema ni wewe. Anataka kiapo chako, chenye muhuri wa wakili wa huko, kwamba wewe si mama wa huyo mtoto na jina lako liliingia kimakosa.

Ni karatasi moja tu, mistari sita. Nisalimie Audrey, mwambie chumba chake tumeshakipaka rangi.

Dada yako,
Edah


Njoro
20 Februari 2024

Dada Edah,

Barua yako ilikaa kwa Kimutai wiki tatu, mazishi yana mambo mengi. Aliileta Jumapili baada ya ibada. Dawa ya Mama imefika. Goti linauma asubuhi, ikifika mchana linasahau. Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama dume, Mama amenuna. Mvua bado.

Audrey ameingia Gredi ya Saba. Amenifika masikioni kwa urefu. Nimemwambia nakuandikia, akasema, "Msalimie Auntie Edah." Nimeandika vile alivyosema.

Kuhusu platini. Haitoki ardhini peke yake. Inatoka na ndugu zake watano, wote wanafanana, wameshikana, na asidi ya kawaida haiwagusi. Unayeyusha kwa asidi kali, unachuja, masalio unayarudia, tena na tena. Kila ukirudia unapoteza kidogo. Kwa vifaa vya wakati ule ilitaka mtu asiye na haraka. Maabara yetu sisi ina bureti nne na wasichana hamsini na wawili, kwa hivyo nawachorea ubaoni.

Maji ya Njoro ni yaleyale, yanayotia meno rangi ya kahawia. Wasichana wangu wa Kidato cha Tatu wakicheka wanaziba mdomo kwa mkono, wote, kama tulivyokuwa tukifanya mimi na wewe. Ule mtungi wangu wa kuchujia maji, wa mkaa wa mifupa, bado uko jikoni. Audrey ameshavuka umri wa kuuhitaji lakini hataki maji mengine, anasema ya bomba yana ladha ya msumari.

Huyo Yulia alipopata udaktari alifanya nini? Usiniambie aliolewa.

Mama anasema uvae soksi nzito. Nafasi imeisha hapa chini.

Mdogo wako,
Serah


Lanham
24 Machi 2024

Serah,

Eti nafasi imeisha! Ukurasa wa nyuma ulikuwa mweupe pe, nimeugeuza mara mbili nikidhani umeandika kwa penseli.

Huku hatujambo. Ryan alipata homa, ikapita. Pole kwa Mama na ndama wake dume, mwambie hata mimi Mungu alinipa dume na nimezoea. Bi Zoya amedhoofika, anakula vijiko vitatu anasema ameshiba. Lakini naenda kwake kwa moyo mweupe, unajua kwa nini? Haoni. Hapa nikicheka watu wanatazama meno yangu. Wengine wanauliza kama ni sigara, mtoto mmoja dukani alimwuliza mama yake kama mimi ni mgonjwa. Kwa Bi Zoya nacheka mdomo wazi. Ni huko tu.

Yulia hakuolewa, tulia. Alirudi kwao, na yule Mendeleyev wa jedwali mnalolibandika ukutani akamwandalia karamu nyumbani kwake. Alifanya kazi Moscow, akafanya Petersburg, baadaye akaingia kwenye mafuta ya petroli, jinsi ya kuyapasha moto yavunjike yatoe vitu vingine. Bi Zoya anasema hapakuwa na mwanamke kwenye kazi hiyo kabla yake. Baada ya hapo sijui. Bi Zoya amesimama. Kila siku ananiambia kesho.

Sasa nisikilize vizuri. Barua ya serikali imefika, vilevile kama wakili alivyosema. Wamenipa hadi tarehe 14 Juni. Kiapo kisipofika wanafunga faili, na kuanza upya ni miaka. Audrey atakuwa mwanamke mzima.

Nimekaa na barua yako wiki tatu nzima. Platini umenieleza, ng'ombe umenieleza, kiapo hukukigusa hata kwa kidole. Ulidhani sitaona? Ulikwenda ofisi ya serikali ukaandika jina lako mahali pa jina langu, hukuniambia miaka saba. Saba! Mimi nilikuachia mtoto, Serah. Sikukuachia umama.

Nimeisoma hiyo sentensi ya mwisho na ningeifuta, lakini ni wino. Iache hapo. Nina hasira na nimechoka, na hata hiyo hasira naisikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Niletee kiapo.

Edah


Njoro
19 Aprili 2024

Dada Edah,

Sisi tuko salama. Mvua imekuja yote kwa mara moja, barabara ya shuleni imekatika. Mama anakushukuru kwa dawa. Ryan apewe maji mengi baada ya homa.

Umeuliza, nitajibu.

Ulipoondoka Audrey alikuwa na mwaka na nusu. Hukumwandikisha, ulisema utarudi baada ya miaka miwili. Alipokaribia miaka mitano shule ikasema hakuna mtoto kuingia bila nambari ya cheti. Nikakupigia. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 2016. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Niliandika kwenye daftari siku nilizopiga, ni mazoea ya maabara. Siku arobaini na moja, kwa miezi minane. Iliita kila mara.

Januari nikaenda kwa msajili, Nakuru. Nilibeba kadi ya kliniki na barua ya chifu. Karani akataka kitambulisho cha mama. Chako kilikwenda Amerika ndani ya pochi yako. Nikaanza kumweleza. Nyuma yangu kulikuwa na watu kama thelathini, mmoja akapiga mluzi. Karani akasema, "Madam, mimi siulizi historia. Mama ni nani?" Audrey alikuwa ameshika sketi yangu, anakohoa. Nikatoa kitambulisho changu. Nikasema ni mimi. Haikumaliza dakika.

Ukitaka kujua kama niliona aibu, sikuona. Nilifurahi. Nilitoka pale nikamnunulia mandazi mawili, na njia nzima nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu na mwenyewe haonekani. Wewe ulirudi hewani mwezi wa pili, ukasema ulikuwa na shughuli. Sikuuliza shughuli gani. Na wewe hukuuliza cheti.

Kitu kingine hukuuliza. Mwaka uliotuachia Audrey nilikuwa na nafasi ya shahada ya pili, Nairobi. Utafiti wa floridi ya maji ya huku, kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Barua ilikuja wiki moja baada ya ndege yako. Mama alikuwa na goti, mtoto alikuwa anaota meno. Nikaikunja nikaiweka kwenye Biblia. Utafiti niliufanya jikoni. Mifupa nilichukua kwa wachinjaji, nikaichoma, nikaiponda, nikaipanga kwenye mtungi. Floridi huharibu meno ya kudumu yakiwa bado yako ndani ya ufizi, hadi miaka minane hivi. Kwa hiyo miaka yote hiyo Audrey hakunywa tone la bomba. Kanisani nilibeba chupa. Kwenye mazishi nilibeba chupa. Watu walisema najidai. Matokeo ni meno ishirini na manane, yote meupe. Mtoto mmoja tu, dada, hakuna jarida linaloweza kuchapisha mtoto mmoja.

Kuhusu Yulia, nilimtafuta kwenye kompyuta ya shule. Sofia, yule rafiki yake mwenye mdomo, alizaa binti. Akapata kazi ya kufundisha hisabati Stockholm, akamwacha mtoto kwa Yulia, Moscow. Yulia aliitwa Petersburg kufundisha kemia kwenye masomo ya juu ya wanawake, akakataa. Wengine wanasema ni kwa ajili ya yule mtoto. Halafu Sofia akaja kumchukua binti yake. Yulia akaenda kuishi kwenye shamba la familia, akawa anatengeneza jibini. Wanasema ilikuwa jibini nzuri. Kwenye kemia hakurudi.

Mtu anayeandika kitabu cha maisha ya mtu hawezi kusimama kwenye petroli. Bi Zoya hakusimama hapo. Ulijua, au hukujua?

Kiapo sijakataa, wala sijakubali. Nafundisha, napika, nalala. Wasichana wakiniuliza swali nasikia sauti yangu ikijibu, na jibu ni sahihi. Sihisi kitu, dada. Nadhani itakuja baadaye.

Serah


Lanham
12 Mei 2024

Serah, mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Huku leo ni sikukuu ya akina mama. Ryan ameleta kadi kutoka kanisani, amechora mtu mwenye mikono mirefu kupita miguu. Nimeibandika kwenye friji.

Bi Zoya amefariki. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 2, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshikia kikombe, akameza, kisha hakumeza. Nilifunga macho yake, nikaosha kikombe, nikapiga simu zinazopigwa. Mpwa wake alikuja na mifuko mikubwa myeusi ya taka akaanza kutia vitabu. Nikamwambia kuna kitabu ndani ya kompyuta, kimeisha. Akasema ahsante, ataangalia. Nikaendesha gari mpaka Lanham, nikapika ugali, tukala. Mpaka leo sijalia. Najipima kila asubuhi kama mtu anayegusa jino bovu, hakuna maumivu.

Umesikia nilivyosema, kitabu kimeisha. Niliandika sura ya mwisho kwa vidole vyangu mwezi wa kumi na mbili, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilijua yote, Stockholm, mtoto, shamba, jibini. Nilikudanganya kwamba amesimama. Nilikuwa nakupa mwanzo mzuri wa Yulia ili ujione ndani yake ufurahi, halafu nikuombe moyo wako ukiwa umelainika. Niliogopa ukiufahamu mwisho utaniona mimi ni nani. Kwenye ile sura nilisimama kuandika nikamwuliza Bi Zoya, Yulia alilia siku mtoto alipochukuliwa? Akaniambia hana karatasi inayosema hivyo, na nisiandike kisichokuwepo. Halafu akaniambia jambo ambalo sikukupa. Sofia alikufa mapema, na Yulia alipokufa, lile shamba aliliacha kwa yule binti.

Sasa ile miezi minane. Si kwamba nilikuwa na shughuli. Kazi iliisha, na niliyekuwa nakaa naye akanitoa. Nilikuwa nalala kwenye sakafu ya jikoni kwa Mama Généreuse, Mkongo mmoja wa kanisa letu, kule Springfield. Nimekuwa nikijiambia sikuwa na simu. Nilikuwa nayo, Serah. Niliiweka kifuani nikitazama jina lako likiwaka mpaka lizime. Arobaini na moja sikujua, sikuhesabu. Kila ikilia nilijua utaniuliza narudi lini, au utamweka Audrey aseme neno, na mimi sikuwa na la kumjibu. Wewe ulikuwa unatafuta kitambulisho. Mimi nilikuwa nimelala chali natazama simu. Mama Généreuse aliniambia, "Pokea, ni ndugu." Nikageukia ukuta.

Kuhusu Nairobi nakueleza ukweli. Sikuuliza kwa sababu nilijua kuna kitu, na nikiuliza ningelazimika kurudi.

Picha ya pasipoti ya Audrey iko kwenye dashibodi ya gari. Ile ya kwanza waliyoikataa kwa sababu anacheka. Mwaka mzima nimeitazama kwenye foleni nikidhani mpiga picha ameipaka rangi, maana kwetu hakuna mtu mwenye meno hayo, si Mama, si wewe, si mimi. Baadaye nikasema ni bahati. Nilimshukuru Mungu kwa bahati. Wewe sikukushukuru, na sasa nikikuandikia ahsante naona neno lenyewe ni dogo mno, lakini ahsante.

Sitakuomba tena kiapo. Tarehe unaijua. Ukiona abaki, nitamwambia Phineas tukitoe kile kitanda tulichomwekea, na nitakuja Desemba kama mgeni.

Dada yako,
Edah


Njoro
3 Juni 2024

Dada Edah,

Pole kwa Bi Zoya. Tulimtaja kwenye maombi ya asubuhi shuleni. Nilitaja jina tu, wasichana wakadhani ni shangazi yangu, sikuwasahihisha. Mama hajambo. Ndama ameuzwa.

Kiapo kimo ndani ya bahasha hii, nakala mbili. Nakituma kwa kampuni ya vifurushi, wamesema siku tano. Ukipata usikunje muhuri.

Jumamosi niliketi na Audrey nikamwambia ni nani aliyemzaa. Akasema anajua, Mama yetu alimwambia tangu Gredi ya Tatu. Miaka minne amejua, akaniita Mum bila kukosa siku. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilidhani wewe ndiye hujui kama najua." Nikacheka kidogo. Kisha akauliza maji ya huko yakoje. Nikamwambia ni mazuri, hayahitaji mtungi. Akasema basi sawa, akaenda kupiga pasi sare yake.

Leo tulikwenda kwa wakili, Nakuru mjini. Audrey alibaki nje kwenye benchi. Wakili alikuwa ameshachapa. Nilimwomba aondoe neno moja tu, pale alipoandika "kimakosa." Nilimwambia halikuwa kosa, nilijua ninachofanya. Akavua miwani, akaniambia bila neno hilo nitakuwa nimekiri kuidanganya serikali, na mtoto hataondoka. Kwa hiyo ili cheti kiseme kweli ilibidi mimi niape uongo. Nimefundisha miaka kumi na sita kwamba matokeo hayabadilishwi. Nikaliacha lile neno.

Akataka nisome kwa sauti huku nimeinua mkono. Nikasoma. Mimi, Serah Wamaitha, naapa kwamba mimi si mama wa mtoto Audrey. Sauti ilitoka vizuri, wakili akasema ahsante mwalimu. Nilitegemea kitu kitatokea mwilini. Hakuna kilichotokea. Nikachovya kidole gumba kwenye wino, nikabandika.

Mambo ya kujua. Usimsuke kwa kukaza sana upande wa kushoto, ana kovu la maji moto pale nyuma ya sikio, alikuwa na miaka mitatu, ni mimi nilizembea. Maini hali. Kikohozi kikimwanza kinakaa wiki mbili, usikimbilie dawa. Anaogopa mbwa lakini atakwambia haogopi. Akikuita Auntie siku za kwanza, usimsahihishe. Nami nimemwambia asikuite hivyo, lakini mazoea ni mazoea.

Mtungi nimeuosha, nimeupeleka chekechea ya kanisa. Wana watoto kumi na tisa, wakubwa wao ni wa miaka mitano. Nimewafundisha walimu kubadilisha mkaa. Nimeanza daftari jipya, majina kumi na tisa. Ile barua ya Nairobi niliitoa kwenye Biblia, nikaisoma, nikairudisha.

Nilipotoka kwa wakili Audrey aliinuka kwenye benchi, akaniuliza, "Mum, umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Akaona nimejipaka wino kwenye kidevu, sijui nilijishika saa ngapi. Akacheka mpaka akashika tumbo, pale barabarani, watu wanapita. Alicheka mdomo wazi, mikono yote miwili iko chini.

Serah Wamaitha,
mama mdogo wa Audrey